Sahani Niliyoianika Juani

Mpaka leo nikipita Kikwajuni, nikifika nyumba ile huvuka njia nikapita upande wa pili, buibui nimejifunika mpaka puani, maana wamo wanawake mtaa ule ambao jina langu hawalijui kabisa, wananijua kwa "yule wa sahani" tu, na wakishasema hivyo hucheka mpaka wakashika mbavu. Basi na nyie chekeni, lakini nisikilizeni kwanza.

Nilikuwa na sahani ya santuri, moja tu, waliyoipiga vijana watano wa Tanga, mafundi wa magari, ambao hakuna kampuni iliyowataka wakajichangia wenyewe, hata jalada lake lilikuwa karatasi ya kaki iliyogongwa muhuri kwa mkono. (Mjomba wangu baharia ndiye aliyeniletea, mie ningewajulia wapi?) Mimi na Mwanaidi, mtoto wa mama mdogo, tuliolelewa chumba kimoja Jang'ombe, tukiisikiliza kila tukirudi kubeba matofali kwenye majumba ya Michenzani, miguu imetuvimba, saruji mpaka kwenye nyusi. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mvua, na mie nikiusikia tu namuona marehemu mama akipanga masufuria chini ya paa linalovuja, anatuhamisha na kitanda chetu, pembe hii, pembe ile, huku anacheka. Upande wa pili kulikuwa na wimbo wa kuagana, gita moja na sauti moja, na huo Mwanaidi hakuweza kuumaliza bila ya kulia.

Mwanaidi akaposwa na mtu wa Pemba. Nikaapa: siku ya kutiwa hina wimbo ule utapigwa, waseme watakavyosema. Na ili upigwe vizuri, asubuhi ya siku hiyo nikaona bora niioshe sahani, vumbi litoke. Nikaiosha kwa sabuni, taratibu, kama mtoto mchanga, kisha (hapa ndipo akili yangu ilipokwenda matembezini) nikaianika juani juu ya bati, pamoja na khanga, nikenda zangu kukuna nazi.

Niliporudi naikuta imejikunja kama papa mkavu. Sikulia. Nikaitia baina ya mbao mbili, nikaikandamiza kwa jiwe la kusagia, na mchana nilipoitoa nikaiona imenyooka (au ndivyo nilivyotaka kuiona).

Huko kwenye hina, nyumba ile ile ya Kikwajuni, wanawake wamejaa mpaka mlangoni. Mwanaidi kakaa mkekani, kajiinamia, khanga kichwani, hina mbichi mikononi na miguuni, haruhusiwi kusema wala kunyanyua macho, na mbele yake kakaa Bi Zuwena, shangazi wa bwana harusi, katoka Pemba makusudi kuja kututazama tabia. Nikaweka gramafoni. Sindano ikashuka. Weee! Gita likapanda likashuka kama mtu anayetapika chomboni, na yule kijana, badala ya kuagana, akalia kama beberu.

"Huyo anaimba au anachinjwa?" akauliza Bi Zuwena.

Mwenye haya angeizima. Mie nikasema, "Subirini, bado haijapata moto!" nikaweka kijaluba cha tambuu juu ya mkono wa sindano, beberu akawa ng'ombe, nikaizungusha kwa kidole, ng'ombe akawa bibi kizee anagombana na mkwewe, wanawake wanagaragara, nami nimeshikilia, jasho linanitoka, "Sasa hivi, sasa hivi inakuja," na ndipo Mwanaidi, bibi harusi mzima, alipoangua kicheko, si cha chini kwa chini, cha kinywa wazi, mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa viganja vyote viwili.

Uso mzima hina.

"Umeniharibia mwari wangu!" akapiga ukelele Bi Fatma, somo aliyekuwa akimfunda.

Nikakata ndimu, nikachukua mafuta ya nazi, nikapiga magoti mbele ya Mwanaidi nikamsugua. Bi Fatma alinifukuza, sikwenda. Akanivuta buibui, sikwenda. Mashavu yakasafika, lakini doa moja la kidevuni likagoma, rangi ya embe bivu.

Mwanaidi akaninong'oneza, "Dada, na wimbo wangu?"

"Ndo ushakufa, mwanangu."

"Basi uimbe wewe."

Mimi, mwenye sauti kama kinu kinachoburutwa! Lakini nshaapa. Nikaimba pale pale, ndimu mkononi, beti zote. Ubeti wa kwanza walicheka. Wa pili wakanyamaza. Wa mwisho nikaona Mwanaidi analia, safari hii kilio chenyewe, na mimi ndiye ninayemfuta kwa ncha ya khanga yangu, asije akajigusa tena.

Nikamgeukia Bi Zuwena nikingoja kutukanwa. Akakitazama kidevu kile, akanitazama mie.

"Mwari wetu tutamchukua na doa lake," akasema. "Lakini hiyo gramafoni ibaki huku huku."

Tangu siku hiyo kitu ninachokipenda nakiacha na vumbi lake. Na nikialikwa kwenye hina, nnakwenda mikono mitupu.