Vikaratasi Nilivyochoma

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki hapa Kitengela. Msichana wa sindano akanipangusa mkono na pamba ya spiriti, na machozi yakanitoka. "Shosho, pole," akasema, "na bado hata sijakudunga!" Nikajipangusa macho kwa leso.

Harufu ya spiriti niliijua kwanza Kajiado, siku tuliyopelekwa chanjo. Nyanya yangu alikataa tusidungwe mpaka aionje ile dawa. Akailamba pamba, akatema, akasema hii ni pombe ya watu wasio na marafiki. Nesi alicheka mpaka akakaa chini. Nyanya alikuwa hivyo. Kuna siku alimfukuza padri bomani ati kanzu yake inatisha ndama. Lakini si yeye ninayetaka kuwaelezea. Nasema tu kwamba harufu ile, mara ya pili ilipokuja kwetu, ilikuja na Wafula.

Wafula alitoka upande wa Bungoma, alikuwa anasomea wadudu. Sisi watoto tulimwita Mwalimu, ingawa hakuwa na darasa. Alimwomba Papa, baba yangu, nafasi ya kupiga hema kando ya boma. Wakati huo huku kulikuwa nyasi na nyumbu tu, hakuna ploti, hakuna geti. Alifukia vikombe ardhini, mdomo sawa na udongo, na juu ya kila kikombe akaning'iniza donge la mavi ya ng'ombe kwa kitambaa. Wadudu wa mavi wakifuata harufu, wanatumbukia.

Baba yangu mdogo alikuwa na mdomo. Alimwona akitafuna kumbikumbi, akamuuliza, "Wewe, hao wadudu unawasoma ama unawachagulia supu?"

"Mzee, wewe unakunywa damu," Wafula akamjibu. "Mimi nikitafuna kumbikumbi moja, unashika rungu?"

Wakacheka, na tangu hapo hata Papa akawa anamsikiliza.

Mimi alinifundisha kuangalia. Katika rundo moja la mavi, alisema, kuna koo nyingi kuliko koo za Wamaasai. Wako wanaoviringisha donge na kwenda zao, wako wanaochimba na kulizika papo hapo, na wako wavivu wanaoishi humo humo ndani. Wengine weusi tititi, wengine kijani, wanang'aa kama shanga. Wa kwetu si wa Oltepesi, na wa Oltepesi si wa Kimana. Kazi yake ilikuwa kukusanya kila mahali, msimu kwa msimu, kisha alinganishe. Katika kila chupa ya spiriti alitia kikaratasi cha penseli, akiandika huku ananong'ona. Mimi nilidhani anawaombea. Alikuwa mtu wa kanisa, na hao wadudu walikuwa maiti.

Kabla ya safari yake ya mwisho ya Kimana aliniambia, "Nikirudi nitaongea na Papa. Wewe unafaa uende shule." Papa alikuwa amekataa mara mbili. Sikulala vizuri wiki nzima.

Sasa nikafikiria: akirudi anikute nimefanya kazi ya maana, atakuwa na la kusema mbele ya Papa. Na kwetu mtoto mwerevu anajulikana kwa ng'ombe, vile anazitambua kwa rangi zikirudi. Basi nikaingia hemani na karai za mama, nikamwaga chupa zote. Zote, ninyi mnaonisoma. Za misimu miwili. Nikatenga weusi kwa weusi, wekundu kwa wekundu, wenye pembe kando, wa kijani peke yao, kama vile ningetenga ndama, kisha nikawarudisha chupani, kila rangi na chupa zake. Vikaratasi nikavitoa kimoja kimoja, kama unavyotoa unywele kwenye maziwa. Vilikuwa vimelowa, vimekunjamana. Maombi si yalikuwa yameshasemwa? Nikavitupa kwenye moto wa mama. Viliwaka buluu, nikapiga makofi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa tayari na wajukuu, niliingia gumbaru, ile shule ya watu wazima, kanisani. Siku ya kwanza tukaambiwa tuandike juu ya daftari jina, mahali, tarehe. Penseli ikanianguka. Ndiyo maneno aliyokuwa akinong'ona Wafula. Mdudu asiye na kikaratasi ni kama ng'ombe wa kuokotwa, asiyejulikana boma wala mwenyewe, na hakuna mtu wa kumuuliza. Wale wa kijani sijawaona tena. Penye nyasi sasa ni kuta za mawe. Na kama kulikuwa na ushahidi kwamba waliwahi kuishi hapa kwetu, mimi ndiye niliyeuchoma.

Siku ile ya kurudi kutoka Kimana, Wafula alifika mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikamvuta mkono. "Mwalimu, kuja uone! Nimekupangia."

Akainua chupa moja, akaigeuza kwenye mwanga. Akainua nyingine. Akaniuliza polepole, "Karatasi ziko wapi, mtoto wangu?"

"Nilichoma. Zilikuwa chafu."

Papa akachungulia hemani. "Kuna nini?"

"Hakuna neno, mzee," Wafula akasema. "Amepanga vizuri. Huyu ako na macho."

Nikangoja aendelee, aseme la shule. Hakuendelea. Mama akamwita chai, naye Wafula akasema asante, baadaye. Nikamwinamishia kichwa kama tunavyofanya kwa wakubwa, akaniwekea mkono juu, akauacha hapo muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akavaa kofia. Aliacha hema, akaacha chupa, akaacha wavu wake umening'inia kwenye miiba ya boma, akashika njia ya barabarani.

"Si ulisema ako na neno na mimi?" Papa akaniuliza.

"Ngoja, Papa," nikamwambia. "Atarudi aseme."

Wafula alikwenda bila kugeuka, na hakurudi.