Weusi wa Kroner Mbili

Baba mkwe wangu, Torleif, alikuwa fundi wa mitambo ya feri kwa miaka thelathini na minane, na miaka yote hiyo alikusanya sarafu. Akiletewa sarafu yenye udongo, haisugui. Huilaza kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, huisuuza, kisha huigusagusa kwa kitambaa laini cha pamba mpaka ikauke, ameishika ukingoni tu kama kifaranga cha siku moja. Iliyobadilika rangi kwa uzee haiguswi kabisa.

"Weusi huo ni ngozi yake, Siv," aliniambia mara nyingi. "Ukiing'arisha, umeichuna."

Nilimsikia, ila sikumsikiliza.

Tarehe kumi na sita Mei nilikuwa jikoni kwake nikisafisha vifungo vya fedha vya bunad, vazi la asili la sherehe, la binti yangu, Tuva. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya taifa, na hapa Florø mama hampeleki mwanawe kwenye gwaride na vifungo vilivyofifia. Majirani wana macho. Torleif alikuwa amejilaza. Mezani alikuwa ameacha sarafu ya fedha ya kroner mbili ya mwaka 1914, nyeusi, yenye buluu ukingoni. Marehemu mkewe alimpa walipochumbiana, na mwisho wa mwezi alitaka kuionyesha kwenye chama chao cha wakusanya sarafu.

Nikasema nimfurahishe mzee. Nikaitumbukiza kwenye dawa ya kung'arishia fedha pamoja na vifungo, sekunde chache tu. Ikatoka nyeupe, imekufa, kama kijiko cha dukani. Nikaifuta, nikairudisha pale pale.

Alipoamka aliitazama muda mrefu.

"Nimefanya nini mimi?" akasema. "Juzi niliacha jiko linawaka. Leo sarafu hii."

"Labda ni mwanga tu, Baba," nikajibu. Mungu anisamehe.

Siku tatu nilimwona akijikagua: anafungua kabati, anafunga, anarudi kulifungua. Siku ya nne, tukinywa kahawa, akatuambia amepiga simu chamani kujitoa.

"Mzee asiyejua mikono yake inafanya nini asishike vitu vya thamani."

"Acha hizo, Babu!" Tuva akamcheka. "Husahau kitu wewe, labda ukishindwa karata."

Hakucheka. Nikaweka kikombe chini.

"Ni mimi, Baba. Niliitia kwenye dawa ya vifungo."

"Wewe?"

"Mimi. Ulikuwa umelala."

"Kwa hiyo mimi nilisahau jiko tu." Akacheka mpaka akakohoa. "Jiko tu! Tuva, nipe simu, niwaambie bado nipo."

Kisha akanigeukia, na kicheko kikawa kimekwisha.

"Sarafu ningekusamehe siku ile ile, Siv. Lakini siku tatu uliniangalia nikijiogopa."