Acheni Gari la Kwapa

Amekufa yule dereva kaidi wa Kwapa. Habari zilinikuta kwenye foleni ya kuvuka mpaka hapa Busia, kitambulisho mkononi, nyuma ya mama mmoja aliyekuwa akibishana na askari kuhusu trei zake za mayai. Simu ikalia, na binti yake akasema bila kuzunguka: "Mzee, Baba amepumzika. Leo asubuhi, hapa nyumbani." Nilitoka kwenye foleni nikaketi juu ya gunia la mtu nisiyemjua, na mwenye gunia akanitazama usoni akaniacha niketi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamkumbuka marehemu. Niliwahi kumwandika kwenye safu hii, nikamwita mtu mwenye kichwa kigumu anayepigana vita vilivyokwisha, naye akanitumia salamu kupitia kwa mwendesha boda boda kwamba nimemsifu vizuri, ila nimelisahau gari lake. Sikumtaja jina wakati ule na leo pia sitamtaja. Lakini gari nitalitaja mpaka mchoke, na atakayechoka afunge gazeti.

Hakuwa ndugu yangu wala rafiki wa kutembeleana. Nilimjua jinsi mtu anavyomjua fundi wake wa viatu, kwa kukutana naye pale kitu kinapoharibika. Kwa maisha yake yote ya kazi alibeba watu na mizigo kutoka mjini Tororo hadi vijiji vya ndani vya Kwapa, akiendesha gari la kijani la zamani, la aina ile iliyojengwa juu ya fremu ya chuma kama lori, lenye injini ya dizeli inayounguruma na wenzo wa pili kando ya gia. Ukiuvuta wenzo huo, magurudumu yote manne yanashika kazi. Tulimzika Jumamosi. Jumapili, kabla viti vya kukodi havijarudishwa, wanawe wawili wa kiume walikuwa wameshapata mnunuzi wa gari. Huyo hakutaka kuliendesha. Alikuwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu, na shabaha yake ilikuwa kulikata vipande. Dada yao, aliyejifunza udereva akiwa amekaa kando ya baba na ambaye ndiye aliyeshika usukani muda wote mzee alipougua, alikataa katakata. Kikao cha familia kikapangwa Jumanne ya wiki iliyofuata, na kaka mkubwa akanipigia simu. "Mzee, dada anakuheshimu sana," aliniambia. "Kuja umuongeleshe. Hii gari inakunywa dizeli kama ng'ombe. Sisi tutamnunulia krosova safi, abebe watu hapa mjini bila kuteseka."

Kwa asiyelijua neno hilo, krosova ni gari dogo la kawaida lililovalishwa koti la gari kubwa. Limeinuliwa kidogo, lina kifua kipana na sura ya kutisha, lakini ukilivua koti unakuta kigari cha kwendea kanisani. Nasema haya bila woga kwa sababu mimi mwenyewe ninalo. Nililinunua nikiwa na akili zangu timamu, baada ya kutazama tangazo lenye mlima na vumbi, kisha nikafanya kosa ambalo nusu ya wenye magari mpakani hapa wamelifanya: nilikwenda gereji nikaomba liinuliwe. Mafundi wana vipande vya chuma wanavyovipachika juu ya springi, wanaviita spesa, na gari linapanda juu kama kuku aliyenyeshewa. Nikaongeza matairi yenye meno makubwa. Siku hiyo nilipita polepole sokoni ili watu wanione, na kweli walioniona walinipigia makofi.

Makofi hayo yaliniponza. Mwezi huohuo mama wa rafiki yangu alizikwa kijiji kimoja cha ndani Kwapa, msimu wa mvua, nami nikaenda kifua mbele. Kuna mahali barabara inashuka hadi kwenye kinamasi, udongo ni mweusi na unashika mguu kama deni la damu. Nikaingia. Magurudumu ya mbele yakazunguka, ya nyuma yakatazama. Nikabonyeza kitufe chenye picha ya gari linalopanda mlima. Taa ya kijani ikawaka, nami nikazama zaidi huku taa ikiwaka. Nilikuwa nimekaa humo nikijifanya napiga simu, gari la kijani lilipokuja likasimama kando yangu, na marehemu akashuka akiwa amekunja suruali hadi magotini. Alilizunguka gari langu mara mbili, mikono nyuma, kama daktari anayekataa kusema ugonjwa.

"Bwana Gazeti," akasema, "hii gari yako ni kiatu ya harusi. Inapendeza sana. Lakini shamba hapana."

"Mzee, funga kamba tu, unitoe."

"Kamba nafunga wapi?" Alilala chini, kwenye tope lenyewe, akaanza kugonga kwa kidole. "Hapa ni plastiki. Hapa plastiki. Hapa pia plastiki. Mwenye alitengeneza hii alijua haitatoka kwa lami." Mwishowe tukapata kijitundu cha kuzungushia kulabu ya kuvutia, lakini kulabu yenyewe haikuwepo. Niliuziwa gari bila hiyo na sikuwahi kujua kwamba inahitajika. Basi akanivua koti la suti, akanipa jembe. Tulichimba, tukatandika mabua ya mahindi chini ya magurudumu, wanaume sita wakasukuma, likatoka likiwa limepoteza bampa. Nilipotaka kuwasha niwahi maziko, akaweka kiganja juu ya boneti. Hapo ndipo nilipoijua sheria ya kinamasi kile, ambayo yeye ndiye aliyeilinda: aliyenasuliwa habanduki mpaka amsaidie atakayekwama nyuma yake. Hakuna aliyeiandika, na hakuna aliyewahi kumwona akiivunja.

Wa nyuma yangu alikuwa bwana mmoja mwenye krosova jeusi, vioo vyeusi, na kiyoyozi kinachosikika nje. Alikwama palepale. Hakushuka. Aliteremsha kioo upana wa vidole viwili akauliza itachukua muda gani.

"Mpaka kiatu yako iguse matope," marehemu alimjibu kwa upole.

Kioo kikapanda. Marehemu akanawa mikono, akakaa kwenye ukingo wa gari lake, akatoa mhogo wa kuchemsha akaugawa kwa wote, pamoja nami niliyekuwa nimelowa hadi kiunoni. Nilimnong'oneza kwamba yule ni mtu mkubwa na huenda akakasirika. Akaniambia tope halijui cheo, na kwamba mtu asiyeweza kushuka hawezi kusaidia mwingine, kwa hiyo ukimtoa bila kushuka umeikata kamba ya wote watakaokuja. Tulikula mhogo ukaisha. Tulizungumza habari za bei ya mtama. Hatimaye mlango ulifunguka, kiatu cheusi kinachong'aa kikatoka, kikasita, kikakanyaga. Watu walishangilia kuliko walivyonishangilia mimi sokoni, na yule bwana, sijui kwa nini, akaanza kucheka. Alisukuma mpaka tai ikageuka rangi, kisha akabaki kumngoja wa nyuma yake bila kuambiwa mara mbili.

Mimi siyalaani magari mapya. Mgongo wangu unalishukuru langu kila siku, halinywi mafuta ovyo, na watoto wanalala ndani yake kama wako kitandani. Mjini Tororo, kwenye lami, kutoka kiwanda cha saruji hadi stesheni, sihitaji zaidi. Kinachonichoma ni kitu kingine. Zamani aliyenunua gari la kazi alinunua kazi, na sura mbaya ilikuja kama nyongeza. Leo tunalipia sura ya ukakamavu, huku ukakamavu wenyewe umeachwa kiwandani kwa sababu ni mzito na una kelele. Kisha tunakwenda mbali zaidi, na hapa ndipo ninapokasirika. Tukishaamua sisi hatuhitaji tena wenzo wa pili, tunatangaza kwamba hakuna anayeuhitaji. Maduka yanaacha kuleta vipuri. Mafundi wanaojua kufungua gia za zamani wanakufa bila wanafunzi. Vijana wetu wanamcheka mwenye gari la fremu kama wanavyomcheka mwenye redio ya betri. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, lakini sisi tumezidi: tunautupa mkeka wa jirani, kisha tunamshangaa akilala chini.

Marehemu aliambiwa haya yote akiwa hai. Walimwambia auze wakati bei ni nzuri, walimwambia lami inakuja, walimwambia ni aibu mzee wa umri wake kulala chini ya gari. Nami nilikuwa mmoja wa waliomwambia, tena kwa maandishi. Hakubishana na mtu. Mvua ikinyesha alikuwa akiwasha gari, basi.

Jumanne ya kikao nilifika mapema. Nakiri nilikuwa nimeandaa hotuba ya mtu mwoga, ya katikati ya barabara: kwamba gari liuzwe, ila kwa mtu atakayeliendesha. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na ilikuwa bado inadondoka. Mama yao, mjane, alikaa mlangoni. Wana wawili walikaa kwenye viti, mnunuzi wa vyuma alikuwa nje na lori lake na mitungi yake ya gesi ya kukatia. Wote walikuwepo isipokuwa wawili: binti, na gari. Palikuwa patupu pale lilipokaa siku zote, alama ya mafuta tu juu ya majani. Simu yake haikushikwa. Kaka mkubwa alitembea huku na huku akisema dada amekimbia na mali ya marehemu, kwamba haya ndiyo matunda ya kumzoesha msichana usukani. Mdogo wake alimwomba anyamaze mbele ya mama. Tulikaa hivyo asubuhi ikapita, chai ikaletwa, mnunuzi akaingia mara tatu kuuliza kama tunafanya mchezo.

Tulilisikia kabla ya kuliona. Liliingia uani likiwa na tope hadi kwenye vioo, na akateremka kwanza askari mmoja mwenye bunduki, amelowa, hana kiatu kimoja. Kisha akateremka binti, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali ya baba yake.

Kaka mkubwa akafoka, "Umetoka wapi na hii gari?"

"Kwapa. Leo watoto wa darasa la saba wanafanya mtihani ya mwisho," akajibu. "Gari ya kupeleka karatasi ilizama kwa kinamasi alfajiri. Krosova mpya. Afande hapa alikataa sanduku ibebwe na boda boda, sheria hairuhusu. Mwalimu akanipigia."

Askari akaitikia kwa kichwa. Alisema ameshika kazi hiyo miaka mingi na hajawahi kuogopa kama asubuhi hiyo, akiwa amekaa juu ya paa la gari na sanduku mapajani, akijua darasa zima limekaa mbele ya madawati matupu na saa inakwenda. Mtoto akikosa karatasi ile, anarudia mwaka, na wengine kule wakirudishwa hawarudi tena shule. Ndipo mjane, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, akainua uso.

"Wameandika?"

"Wameandika, Mama. Nilifika wamekaa."

Mama akaitikia, akaurudisha uso wake kwenye mikono, na nadhani ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Kaka mkubwa alisimama pale katikati ya uwanja akiwa hajui aweke wapi hasira yake. Si mtu mbaya. Alitazama gari, akatazama lori la mnunuzi, akamwuliza dada yake kwa sauti ya chini kabisa, "Sasa huyu bwana nimwambie arudi lini? Kesho?"

Binti alikuwa ameshafungua boneti, anaangalia maji.

"Kesho kuna karatasi ingine," akasema.

Kaka mkubwa akaenda kuzungumza na mnunuzi. Baada ya muda lori liliwashwa, likageuza, likaenda na mitungi yake. Hotuba yangu ya katikati ya barabara bado ninayo mfukoni na nitaichoma. Wapo watakaoniandikia kusema lami itafika hadi Kwapa na gari lile litakuwa chuma tupu. Na ifike. Nitakuwa wa kwanza kuikanyaga, na kiatu changu cha harusi. Lakini sisi tunaokaa kando ya lami hatuna ruhusa ya kutangaza kwamba kitu kimepitwa na wakati kwa sababu tu sisi tumeacha kukihitaji. Kitu hupitwa na wakati siku mtu aliye mbali kuliko wote, aliye ng'ambo ya tope, anapokiacha kwa hiari yake. Siku hiyo ikifika atasema yeye. Sisi tunyamaze, na tusogeze magari yetu apite.