Kisanduku Kilichoshusha Sauti ya Besi

Nimeshapita umri ambao baba yangu alifariki nao, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, lakini mshtuko wa Jumatano ile haujanitoka. Tulikuwa katikati ya mazoezi, saa nne asubuhi, ndani ya ghala tupu la kiwanda cha kuchambua pamba kilichomiliki bendi yetu. Wanamgambo wawili waliingia bila kubisha. Walinijia moja kwa moja, na mmoja wao akaelekeza kirungu sakafuni, karibu na mguu wangu wa kulia.

"Hicho ndicho," alisema. "Kichomoe taratibu. Usikikanyage."

Muziki ulikatika. Nilidhani ni mzaha, nikamtazama kiongozi wa bendi nikitegemea atacheka. Alikuwa ameweka gita lake chini na mikono yake ilikuwa juu, ingawa hakuna aliyemwambia ainyanyue.

Kitu chenyewe kilikuwa kisanduku cha chuma, kikubwa kidogo kuliko kitabu cha sala, chenye tundu mbili za waya, vitufe viwili vya kuzungusha na swichi ya kukanyaga. Betri ilikaa ndani. Niliachiwa na mpiga besi mmoja kutoka Zaire, ambaye bendi yake ilipita Mwanza ikapiga kwa miezi mitatu. Kazi ya kisanduku ilikuwa moja tu. Ukipiga noti kwenye gita la besi, chenyewe kinaongeza noti hiyo hiyo kutoka chini, nzito kuliko nyuzi zinavyoweza kutoa. Wanamuziki wanaita okteva.

Kila mpiga besi alikuwa na mapenzi yake kuhusu vyombo vya aina hiyo. Nilimjua mmoja aliyetaka chenye okteva ya juu, ili besi yake isikike kama gita la pili na wasichana wageuke kumtazama. Mzaire yule alikitumia changu mwanzoni mwa wimbo tu, kwenye noti ndefu, kisha alikizima kabla ya sebene, ile sehemu ya kasi ya kuchezea, maana alisema vidole vyake vilitosha. Mimi nilikipenda kupita kiasi. Nilikiwasha tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho.

"Ndugu, hiki ni chumvi," Mzaire aliniambia siku aliyoniachia, baada ya kunisikia nikikijaribu. "Wewe umekifanya ugali."

Sasa chumvi yangu ilifungwa kwenye gunia, na mimi nikatembezwa nyuma yake hadi kituoni, watu wa sokoni wakitutazama. Wengine walinijua kwa sababu nilisoma nao mafundisho ya Kipaimara. Hakuna aliyenisalimu.

Lazima nieleze hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikuwa vinapiganwa. Jioni tulifunika madirisha kwa mablanketi ili mwanga usionekane kutoka angani, na redio ilituhimiza kila siku tuwe macho na watu wanaowasiliana na adui. Nyumbani kwetu Igogo, ndugu za baba waliokimbia kutoka Missenyi walilala sebuleni, wakubwa kwa wadogo. Mdogo wake baba hakuwa amefika pamoja nao, na hakuna aliyejua kama yuko hai. Baba yangu, aliyekuwa katekista, alikuwa akiamka alfajiri kusali rozari kwa ajili yake, na nilimsikia mara nyingine akishindwa kumaliza.

Afande aliyenihoji alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alikiweka kisanduku mezani juu ya gazeti, kana kwamba kinaweza kuunguza mbao.

"Hii inafanya nini?"

"Inashusha sauti, afande."

"Inaishusha wapi?"

"Chini. Sauti ya besi inakuwa nene zaidi."

"Besi si tayari ni nene? Nimeshacheza dansi, kijana, usinifanye mjinga. Mtu mwenye besi anahitaji nini kingine kinene?"

Kwa kweli hata leo sina jibu zuri kwa swali hilo. Alisogeza kiti, akanieleza bila kukaripia kwamba akishindwa kujua chombo hiki ni nini, atakipeleka Dar es Salaam kwa wataalamu, na mimi nitakwenda nacho. Nilijua maana yake. Kijana mmoja wa mtaa wa pili alipelekwa hivyo kwa sababu ya ramani iliyokutwa chumbani mwake, na mama yake alikuwa bado anaulizia.

Mchana alikuja balozi wetu wa nyumba kumi. Alikuwa mzee wa Kisukuma aliyewahi kuuza ng'ombe, mcheshi, mtu wa kumtania kila mpita njia. Aliniletea ugali na dagaa, akakaa kwenye benchi nje ya nondo akinitazama nikila.

"Shikamoo, mzee," nilisema.

"Marahaba. Kula. Mhaya gani wewe unaacha ndizi unakula dagaa kwa kasi hivi?" Halafu utani ukamwishia. Alivua kofia yake, akaigeuza geuza magotini. "Usimchukie baba yako."

Nilimwuliza baba anahusikaje.

"Nilipita nyumba zote kuuliza wageni, kama tulivyoagizwa. Nikamwuliza na yeye kama kuna kitu chochote nisichokijua. Mwingine angesema hakuna, tukanywa chai. Baba yako akasema chini ya kitanda cha mwanangu kuna chombo. Amekifungua, ameona nyaya na betri, na hajui ni cha nini. Nami ningefanyaje? Nimeapa."

Nakumbuka nilitazama sahani na kuhesabu dagaa waliobaki, kwa sababu akili yangu ilikataa kufanya kitu kingine. Baba yangu hakuwahi kusema uongo, jambo hilo nililijua kama ninavyojua jina langu. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba ukweli wake ungeweza kunifikia mimi. Na kilichonichoma zaidi ni kwamba angeweza kuniuliza. Tulikuwa tunakula sahani moja.

Kisha nikaona kwa nini hakuuliza. Kwa miaka minne niliyopiga dansi hakuwahi kukanyaga ukumbini, wala mimi sikuwahi kuzungumzia muziki mbele yake. Yeye alifundisha kwaya ya parokia na kuimba sauti ya nne, ile ya chini kabisa, mimi nilipiga besi kilomita moja kutoka hapo, na tulipokutana nyumbani tuliongea habari za mvua. Asingejua aanzie wapi.

Baba mwenyewe hakuwepo mjini. Jumanne hiyo, baada ya kusema na balozi, alivuka kwa kivuko kwenda Busisi kama alivyofanya kila wiki, kufundisha wakatekumeni, watu wanaojiandaa kubatizwa, kwenye vigango vya ng'ambo. Alirudi Alhamisi. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikuja kituoni na viatu vyake vya vumbi na mfuko wake wa vitabu begani.

"Shikamoo, Tata," nilimwambia, maana ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita baba.

"Marahaba." Hakunitazama. Alimgeukia afande. "Mimi ndiye niliyesema. Naomba nikisikie."

"Ukisikie nini, mzee?"

"Chombo. Nilikishtaki bila kukisikia. Kama ni cha muziki kitalia. Kama si cha muziki, basi."

Neno hilo "basi" alilisema polepole. Nilielewa kwamba angeniacha nipelekwe.

Afande alifikiri, kisha akakubali. Gita langu na amplifaya vililetwa kwa mkokoteni kutoka kiwandani, tukachomeka kwenye soketi ya birika la chai ofisini mwake. Wanamgambo wale wawili walisimama mlangoni, balozi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilivaa gita. Nilikaza uzi mmoja uliolegea.

Nilikanyaga swichi, nikapiga. Kwa hofu niligusa nyuzi mbili kwa pamoja, na kisanduku kile hakikuweza kufuata noti mbili. Kikichanganyikiwa kilikuwa kinakoroma, kinaruka juu na chini, kinapiga mluzi uliokatika katika. Ndivyo kilivyofanya. Katika chumba kile kidogo kilisikika kabisa kama redio inayotafuta stesheni.

"Mmesikia?" alisema mwanamgambo mmoja. "Kinaita."

Afande aliinuka. Nilijaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Nilijua kwamba nimejimaliza kwa mikono yangu mwenyewe, na kwamba mtu aliyenileta hapa amesimama hatua mbili kutoka kwangu akinitazama nikizama.

"Acha," baba alisema. Alikuja karibu, akaishika shingo ya gita kama anavyomshika mwanakwaya bega. "Unapiga mengi. Piga moja. Anza na sauti niliyokufundisha ulipokuwa na miaka saba."

Akaanza kuimba wimbo wa ibada ya jioni, ule anaoufundisha kwaya kwa Kilatini cha zamani, sauti ya nne peke yake, bila mapambo. Nilimfuata. Noti moja, nikaiacha iishe, kisha nyingine, nikipiga juu shingoni ambako kisanduku kilikuwa kinatulia. Na sauti ikashuka. Ilisimama chini ya sauti ya baba, ikambeba. Kioo cha dirisha kilitetemeka. Nilimwona baba anasita, anasikiliza, kisha anaendelea kuimba akiwa amefumba macho.

Wimbo ulipokwisha, balozi alikuwa amesimama. Wale wanamgambo walivua kofia zao, nadhani bila kujua.

"Hiyo ni besi," baba alimwambia afande. "Ni noti ile ile, iko chini tu. Hakuna mtu anayeitwa hapo."

Afande alizima amplifaya mwenyewe. Alisema niende nyumbani, na kisanduku nichukue, ila nisikitumie mji ukiwa umezimwa taa. Nilidhani jambo limekwisha.

Lakini baba hakuondoka. Aliweka mfuko wake wa vitabu sakafuni, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama usoni.

"Mwanangu, nimekukosea mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu hawa hawa."

Kisha akapiga goti.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo. Nimezika wazazi, nimezika na mtoto. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka kumwona baba yangu akiwa chini yangu. Mtoto hapewi kitu kama hicho. Nilijaribu kumwinua akawa mzito, basi na mimi nikapiga goti, gita likiwa bado shingoni, likagonga sakafu na kulia ingawa amplifaya ilikuwa imezimwa. Balozi aligeukia ukutani. Nilisema nimesamehe. Nilikuwa sijasamehe bado, lakini nilisema, na kusamehe kwenyewe kulikuja baadaye, taratibu, kwa neema.

Kutoka kituoni baba alikataa kupita njia ya mkato. Alikishika kisanduku mkononi, wazi, akaenda na balozi nyumba hadi nyumba, zote kumi, mimi nikiwafuata. Kila mlango alisema yale yale: kwamba alimdhania mwanawe vibaya, kwamba chombo ni hiki, ni cha muziki, na yeyote mwenye wasiwasi akishike. Wengine walikigeuza geuza. Wengine waliogopa kukigusa. Sikujua niangalie wapi.

Katika nyumba ya nane alikaa bibi mmoja mjane aliyesali parokia yetu. Alikipima uzito mkononi kama anayenunua samaki, akamrudishia baba.

"Na kinalia vizuri?" aliuliza.

Baba alifikiri kwanza, maana swali lilihitaji jibu la kweli.

"Kinalia vizuri," alisema. "Ila mwanangu anakikanyaga mno."