Shingo ya Daktari wa Mbuzi

Kila asubuhi daktari wa mbuzi huingia zizini na koti jeupe, skafu ya sufu shingoni hata jua likiwaka kama tanuri, na mirija ya kutilia damu anayoipasha joto kiganjani kama mayai. Yeye hasalimii watu, huamkia mbuzi. "Shikamoo, bibi," humwambia kongwe wa zizi, kisha humfungua mdomo, maana umri huusoma menoni na hataki kuambiwa na mtu. Humpapasa koo kwa vidole viwili akitafuta tezi. "Meza mate, usiogope." Ndipo huchoma sindano, akavuta damu. Wachanga, wa makamo, wazee: katika utafiti wake kila kundi lina jedwali lake la homoni, sukari na chumvi za damu. "Tezi ikilegea, mwili mzima unazubaa," humhubiria mama mtunza zizi, huku yeye mwenyewe akipiga miayo.

Mama huyo, aliyemshikia mbuzi pembe miaka sita, alikuwa akimwona daktari akinenepa, akitetemeka kwa baridi saa sita mchana, akisaka miwani aliyoivaa. Mganga hajigangi, alijisemea. Jana yule kongwe akaidaka skafu, akaivuta yote. Shingoni palikuwa na uvimbe kama limau.

"Daktari, na hiyo je?"

"Hii haimo kwenye utafiti," akajibu, akiinua kola.

Mama akaachia pembe, akamshika yeye bega, akamwekea vidole viwili kooni. "Meza mate," akasema. "Usiogope."

Daktari akameza. Kisha, kwa sauti ndogo: "Utaniandika kundi gani?"

"Fungua mdomo," mama akamwambia, "tuone meno."