Vidoti Viwili kwenye Mashamba ya Chai

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu. Nalisema hilo mapema usije ukanidhania ni mtu wa kuona mashetani kila kona. Sisi wa kazi hii hatuamini kitu mpaka tukijaribu tena na kitokee vilevile. Lakini hiki kilitokea, nami nilikuwepo, na wanawake wawili waliokaa nami jioni ile wapo hai, wanalima na kuuza kama kawaida. Ukitaka kucheka, cheka. Ningekuwa wewe, ningecheka pia.

Ilikuwa miaka ile simu janja za bei nafuu ndiyo kwanza zimejaa Tukuyu. Utotoni kwetu simu ilikuwa kitu cha kupangia foleni posta. Sasa kila kampuni inakugombania na bando lake. Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam, nimechoka kuwaandikia wengine programu zao. Nikapanga chumba cha ofisi Bulyaga, nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Salumu, nikatengeneza ya kwangu. Nikaiita Nipo. Ukibonyeza kitufe, kidoti chako kinatokea kwenye ramani na jina lako juu yake. Walio karibu wanakuona, mnaandikiana, mnakutana. Ni hivyo tu.

Vijana waliipokea kwa ajili ya kutafutana, na sikushangaa. Kilichonishangaza ni wafanyabiashara. Mnunuzi wa parachichi akisimama njia panda anabonyeza Nipo, wakulima wanateremka na magunia yao. Bupe alikuwa mmoja wa hao. Mwanamke mwembamba, msema kidogo, anayecheka kwa kuziba mdomo. Alikuja ofisini mwenyewe nimfungulie akaunti.

"Kaka, jina langu usiweke," aliniambia. "Andika Parachichi Bora. Na picha usiweke."

"Kwa nini? Wateja wanapenda kuona sura."

Akakunja mkono wa sweta lake. Sitaeleza nilichokiona kwenye mkono ule. Akaushusha tena. "Kuna mtu Mbeya sitaki anione," akasema.

Nikaandika Parachichi Bora. Baadaye nilijua kwamba alimkimbia mumewe alfajiri moja akiwa na nguo alizovaa tu, akaja Mpuguso kwa mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki yeye akiwa shule ya msingi.

Sasa sikiliza. Siku moja ya baridi, mvua ikinyesha ile mvua yetu isiyo na haraka, akaingia ofisini mwanamume mmoja mtanashati. Koti la ngozi, viatu vimeng'arishwa, salamu zimenyooka. Akasema ananunua parachichi kwa jumla, na watu wamemwambia habari za Nipo na za muuzaji aitwaye Parachichi Bora, ila ameshindwa kujiunga vizuri. Nikamsaidia. Kwani ningemkatalia kwa sababu gani? Akauliza, "Kwa hiyo muuzaji akibonyeza, mimi namwona alipo sasa hivi?" Nikamjibu ndiyo, na wewe pia anakuona. Akatabasamu, akanishukuru kwa mikono miwili.

Alipoizima ramani kurudi kwenye ukurasa wa mbele wa simu yake, pale nyuma ya alama zote kulikuwa na picha ya harusi. Bwana harusi alikuwa yeye. Bibi harusi alikuwa Bupe.

Nilipopata akili ya kusimama, ameshapanda bodaboda na kuondoka.

Nikampigia Bupe. Simu inaita mpaka inakata. Nikapiga tena, inaita tu. Nikamwandikia, ujumbe haukusomwa. Ningeweza kumfuta kwenye ramani kwa kompyuta, lakini umeme ulikatika tangu asubuhi na betri ilikuwa imekufa. Kwenye simu yangu niliviona vidoti viwili. Parachichi Bora kimetulia Mpuguso. Kile cha yule bwana, alichokiita Mteja, kinatoka mjini kukielekea.

Nikachukua pikipiki yangu.

Unaijua njia ile ikiwa na ukungu? Ukungu wa kwetu haushuki, unatambaa. Unatoka mabondeni, unapita juu ya chai, na ghafla huoni gurudumu lako la mbele. Ilikuwa jioni, haijawa giza, lakini taa ya pikipiki ilikuwa inaangaza ukuta mweupe tu. Nikapita mahali mashamba ya chai yanapokutana na migomba, na injini ikakohoa, ikazima. Nikapiga kiki mpaka mguu ukauma. Haikuwaka.

Nikatoa simu. Kidoti cha Mteja kilikuwa kimeshakaribia sana kile cha Bupe. Niamini, nililia. Mtu mzima na ndevu zangu, nimesimama kwenye tope nalia.

"Ugonile, mwanangu."

Alikuwa amesimama karibu yangu upande wa migomba. Sikusikia hatua. Mwanamke wa makamo, mwembamba, kitenge kimefungwa juu ya gauni, amejikinga mvua kwa jani la mgomba. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wamama wetu wa vijijini, kisicho na *r*.

"Mbona unalia balabalani?" akauliza, akiziba mdomo.

Hata leo sijui kwa nini nilimweleza. Nilimweleza yote kwa haraka, jinsi mtu anavyomweleza daktari. Nikamwonyesha simu. Akasogea kuitazama, na pale ndipo nilipohisi baridi. Haikuwa ya mvua. Ilitoka kwake, kama unapofungua mlango wa chumba kisichokaliwa.

"Hiki kinachowaka ni mtu?"

"Ndiyo mama. Huyu ni dada anayeitwa Bupe."

"Na hiki kinachomfuata?"

"Mume wake. Anakuja kumuumiza."

Akainama kuitazama simu tena. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye jani lake na hayadondoki begani kwake. Hilo nimelikumbuka baadaye. Kisha akanyoosha mkono, akaweka kidole gumba juu ya kidoti cha Bupe. Kidole kile hakikuwa na kucha. Akakisukuma kidoti taratibu kama anayechambua maharage kwenye ungo, akakitoa kwenye migomba, akakipeleka katikati ya mashamba ya chai. Kikaenda.

Kikaenda! Unaelewa ninachosema? Programu ile niliiandika mimi mwenyewe, mstari kwa mstari. Hakuna mahali nilipoandika kwamba mtu anaweza kumsogeza mwenzake kwenye ramani kwa kidole.

Nikatazama. Kidoti cha Bupe kikaanza kutembea chenyewe kwenye chai, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Kidoti cha Mteja, kilichokuwa kimebakiza hatua chache kufika kwenye migomba, kikasimama. Kikageuka. Kikaanza kukifuata.

"Shuka hapa," yule mama akaniambia, akionyesha njia ndogo kati ya migomba. "Utaona nyumba ya bati jipya, amejikinga pale balazani. Mpeleke kwa mama yake mdogo, mfunge mlango. Msifungue hata mkisikia kilio."

"Na wewe mama?"

"Mimi natembea kidogo na huyu mkwe wangu."

Neno lile lilinipita. Nilikuwa nimeshaanza kukimbia. Nilipogeuka kusema ndaga, asante ya kwetu, palikuwa na pikipiki yangu na ukungu, basi.

Bupe alikuwa pale pale alipoelekeza, ameketi juu ya gunia barazani akisubiri mvua ipungue. Simu ilikuwa ndani ya mfuko, imezungushiwa plastiki isilowe, ndiyo maana hakuisikia. Nilipomwambia, hakupiga kelele wala kuuliza maswali. Alisimama tu, tukaacha gunia, tukapita migombani hadi kwa mama yake mdogo. Tukafunga mlango kwa komeo, tukasogeza na meza.

Cha kwanza nilichofanya ni kuizima simu ya Bupe. Nikatoa na betri, nikaiweka mezani. Kisha nikatazama yangu.

Kidoti cha Parachichi Bora kilikuwa kinatembea kwenye chai.

Tuliketi watatu kwenye mkeka karibu na moto, tukaitazama ile simu. Kidoti cha mbele kinazunguka, kinapanda mstari wa chai na kuteremka mwingine. Cha nyuma kinafuata. Cha mbele kikisimama, cha nyuma kinakikaribia, kinakaribia, halafu cha mbele kinaondoka tena. Bupe alikuwa ameng'ang'ania mkono wa mama yake mdogo. "Jamani, hebu niambieni," akanong'ona, "mimi si nipo hapa?"

"Upo, mwanangu. Upo hapa nami nimekushika."

Kisha mama mdogo akaniuliza nilijuaje nyumba alipokuwa Bupe. Nikasema nimeelekezwa na mama mmoja njiani. Akauliza yukoje. Nikaeleza: kitenge, jani la mgomba, mwembamba, anaziba mdomo akiongea. Nikamwambia na kidole.

"Kidole kipi?"

"Gumba. Mkono wa kulia. Hakina kucha."

Mama yule akainamisha kichwa. Moto ulikuwa unalia tu kwenye kuni mbichi. Aliponyanyua uso alikuwa analia bila sauti.

"Kucha ile iling'olewa na mashine ya kusaga, tukiwa wasichana," akasema. "Niliifunga mimi kitambaa. Na nilipomwosha siku ya kumzika, kidole kile ndicho nilichokishika mwisho. Huyo ni dada yangu. Ni mama yake Bupe."

Nikataka kubisha. Nilitaka kusema kwamba mwanamke niliyemwona alikuwa mdogo kuliko yeye anayejiita mdogo wake. Nikayameza maneno, maana nilielewa. Wafu hawazeeki.

Bupe akasogea karibu. Alinyoosha mkono, akakigusa kioo cha simu yangu kando ya kile kidoti, akakaa hivyo, mpaka chaji ilipokwisha na simu ikazima. Mara moja tu tulisikia sauti kwa mbali, sauti ya mwanamume akiita jina. Ilikuwa sauti ya mtu aliyepotea, si ya mtu mwenye hasira. Hatukufungua.

Asubuhi wachumaji wa chai walimkuta yule bwana. Alikuwa hai, ameketi kati ya mistari ya chai, viatu vyake vizuri vimeachama, nyayo zimechubuka. Alikuwa anatazama mbele bila kupepesa. Wakampeleka hospitali. Ndugu zake walipokuja kumchukua, nilikuwepo mlangoni, nikamsikia akimweleza kaka yake.

"Nilikuwa namwona, yupo mbele yangu kabisa. Namwita, hageuki. Namwomba msamaha, hageuki. Namtukana, hageuki."

"Ukafanyaje?"

"Nikamshika bega." Akauficha mkono ule kwapani. "Ndipo akageuka."

Aliona nini? Hakusema siku ile, na nasikia hajasema hadi leo. Tangu hapo hajamtafuta Bupe, na hata kesi ya kuvunja ndoa ilipoitwa hakupinga neno. Usidhani Bupe alimcheka. Siku ile alikuja hospitali na chupa ya chai, akaiacha kwa muuguzi, akasema apewe ikiwa ya moto. Nilipomuuliza kwa nini, akaniambia, "Amelala nje na baridi, kaka. Na mama yangu alimrudisha mzima. Angetaka afe, si angemwacha afe?"

Bupe sasa ana ghala lake Ibighi na amewaajiri wanawake wengine. Mimi niliibadilisha Nipo. Siku hizi huwezi kumwona mtu mpaka yeye mwenyewe akukubali kwa jina, na kila mara inamuuliza tena kama bado anakukubali. Watumiaji walipungua, wengine walisema nimeharibu utamu. Waseme.

Lakini kuna jambo sijaliweza. Ukungu ukitambaa kwenye mashamba yale, vidoti vya baadhi ya watu havikai mahali pao. Si vya wote. Ni vya wanawake tu, na si wanawake wote. Mwenzangu mmoja wa Dar aliliona, akaniambia ni hitilafu, nirekebishe. Nikampigia mmoja wa wanawake wale, nikajifanya namuuliza kuhusu huduma. Tulipozoeana akaniambia kwamba na yeye kuna mtu alimkimbia. Nikampigia wa pili. Hivyo hivyo. Sikupiga tena kwa wa tatu.

Hitilafu hiyo sijairekebisha. Sijui hata pa kuanzia, na ningejua nisingeigusa.

Basi wewe unayenisikiliza, simu yako ikikuuliza uko wapi, usikimbilie kujibu. Jiulize kwanza nani mwingine anasikiliza. Na kama wewe ndiye unayemsaka mtu aliyekukimbia, ukafika kwetu Rungwe, ukamwona mbele yako kwenye ukungu anatembea taratibu, hageuki, nakuomba kama ndugu: rudi nyumbani. Usimshike bega.