Mama Alikuwa Anamsindikiza Mgeni

Jamani, leo nimekuta picha ya mama yangu mtandaoni inauzia watu vidonge!

Dada mmoja wa hapa Ujiji anauza virutubisho vya kuondoa uvimbe wa magoti. Kaandika: "Bibi huyu alikuwa hawezi kuinuka. Ona sasa anavyotembea!"

Nikampelekea mama simu. Yuko mkekani, magoti yamevimba vilevile.

"Mama, vidonge vimekusaidia?"

"Kopo aliloniletea huyo dada hata sijalifungua."

"Mbona hapa unatembea?"

"Mwanangu, mgeni akiaga utabaki umekaa? Nilijikaza, nikamsindikiza mpaka barabarani."

Yaani mama anaumia ili amheshimu mgeni, huyo dada anageuka anampiga picha!

Kama kuna aliyepona kweli, ajitokeze hapa.

Maana mama yangu hajapona. Ana adabu tu.